Ushauri wa wachezaji usipotee

Doom, mchezo wa kompyuta wa mwaka wa 1993, uliwawezesha wachezaji kurekodi michezo yao katika faili ndogo mno, zenye vitendo vya mchezaji tu, bila picha. Wenzao walizitazama, wakakosoa, wakaeleza njia za mkato. Yaliyoandikwa mahali pa wazi, mgeni aweza kuyasoma miaka mingi baadaye.

Siku hizi vijana huyajadili hayo katika Discord, iliyoanza 2015. Jibu huja upesi, mzazi, lakini Google haifiki humo, na mwenye kikundi akikifuta, yote yamekwenda. Rekodi nazo? Aprili 2025 Twitch iliwawekea watu kikomo cha saa 100 za rekodi za kudumu, zinazozidi hufutwa.

Kijana wako akifunzwa mbinu humo, na anukuu maelezo, jina la mtoaji na tarehe, ayaweke pamoja na rekodi yenyewe.