Usinunue droni ya kurekodi biashara yako kabla hujasoma hii

Wewe unayeuza migebuka na dagaa wa Kasanga kwa WhatsApp na Instagram, wazo hili huenda lishakujia: upate klipu ya kutoka angani, mitumbwi inaingia asubuhi, Ziwa Tanganyika limetanda nyuma, oda zimiminike. Wazo ni zuri. Ila droni siyo stendi ya simu. Usiagize kwanza halafu ndo uulizie vibali.

Kuna karatasi tatu ambazo watu wanazichanganya:

1. Usajili ni wa kifaa. Tanzania droni inasajiliwa TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

2. Kibali ni cha kurusha. Mbali na TCAA, unatakiwa upate ruhusa ya Wizara ya Ulinzi. Kusema "narusha kujifurahisha tu" hakukuondolei wajibu huo. Bila vibali, mzigo wako unaweza kukwama forodhani.

3. Cheti ni cha wewe unayerusha. Kinaonyesha umejifunza sheria za usalama.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "droni hii ina cheti", mara nyingi anaongelea kifaa. Hicho hakikufanyi wewe kuwa rubani.

Sasa sikia mtego wa wafanyabiashara. Marekani, tangu 2021, anayerusha kwa starehe anafanya mtihani wa usalama uitwao TRUST. Ni bure, unafanyika mtandaoni, na ukikosea swali unaelekezwa mpaka upate. Ukipoteza cheti, unaufanya upya. Lakini cheti hicho ni cha starehe tu. Klipu ikishatumika kutangaza bidhaa, hiyo ni biashara, na inadai leseni nyingine yenye mtihani mgumu zaidi. Nasi tujifunze hapo: unapoomba kibali, taja ukweli kwamba ni ya matangazo ya biashara.

Kwetu Kasanga kuna mambo ya ziada. Maporomoko ya Kalambo yana urefu wa zaidi ya mita 200. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha mita 120 hivi juu ya ardhi. Ukisimama kileleni ukaipeleka droni bondeni, hata kama iko usawa wa macho yako, ardhi iko mbali sana chini yake. Tayari umevuka kikomo. Tena mto Kalambo ndo mpaka wetu na Zambia, kwa hiyo ukisogea kidogo tu umeingia anga ya nchi nyingine. Bandarini nako usirushe kienyeji.

Ufanyeje basi?

👉 Piga hesabu kwanza: bei ya droni, vibali, na muda wa kufuatilia. Uuze ndoo ngapi za dagaa kurudisha hiyo hela?

👉 Kama unataka klipu moja au mbili, kodi mtu mwenye vibali. Muombe akuonyeshe karatasi zote kabla hujalipa hata advansi. Akianza kuzunguka, achana naye.

👉 Au panda kilimani na simu yako asubuhi, jua likiwa bado laini. Ziwa linaonekana vizuri tu, na hakuna atakayekukamata.

Mteja ananunua samaki mkavu, msafi, anayefika kwa wakati. Klipu ni ya kumvuta tu.

Mtumie posti hii mwenzako aliyeanza kuulizia bei za droni.