Nyasi Kavu za Sungura: Siku ya Kukatwa Huamua Mengi

Sungura wa nyumbani huishi kwa nyasi. Karoti, majani ya kabichi na chakula cha vidonge kinachouzwa madukani ni vionjo tu, hata kama ndivyo watoto wanavyopenda kumlisha. Takribani asilimia 80 ya chakula cha sungura mzima inafaa iwe nyasi. Kwa anayekaa bandani au ndani ya nyumba, asikoweza kujilishia mwenyewe, nyasi hizo huwa kavu, yaani hei. Maduka mengi ya pembejeo huuza hei kwa kumfikiria ng'ombe, na ng'ombe na sungura hawali kwa namna moja. Robota linalomtosha ng'ombe wa maziwa linaweza kumdhoofisha sungura, na pengine lile ambalo mfugaji wa ng'ombe analikataa ndilo linalomfaa.

Sungura ana meno 28, nayo hayaachi kukua maisha yake yote. Meno ya mbele hurefuka kwa karibu milimita 2 kila wiki, yaani zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, na magego nayo hukua bila kukoma ingawa hayaonekani. Kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi. Kijiti au ukoko wa mkate mkavu, ambavyo wafugaji wengi huvitegemea, huchakaza meno ya mbele pekee. Magego husagana pale taya la chini linapokwenda upande kwa upande juu ya majani marefu yenye silika, madini yale yale yanayofanya ukingo wa jani la nyasi ukate mkono. Sungura anayeshindia vidonge humaliza mlo wake kwa dakika chache, na taya lake huenda juu na chini tu. Baada ya miezi kadhaa magego huota ncha kali zinazochoma ulimi na mashavu. Mnyama huisogelea sahani, hunusa, kisha hugeuka na kuondoka akiwa na njaa.

Tumboni nako nyasi zina kazi nyingine. Pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, sungura ana mfuko mkubwa uitwao sekamu, ambao peke yake hubeba karibu asilimia 40 ya vyote vilivyomo katika njia ya chakula. Utumbo mpana hufanya kazi ya kuchambua. Nyuzi ndefu husukumwa mbele na kutoka zikiwa punje kavu za mviringo, ilhali chembe ndogo hurudishwa kwenye sekamu, ambako bakteria huzichachusha. Kinachotokana na uchachushaji huo hutoka, mara nyingi usiku na alfajiri, kikiwa kinyesi laini kinachong'aa, na sungura hukila papo hapo ili kupata protini na vitamini za kundi B zilizomo. Mfugaji mgeni huona tabia hii ni ugonjwa, kumbe ni mlo wa pili wa mnyama huyu, na hapaswi kuzuiwa.

Nyuzi ndefu zenyewe hazimpi sungura nguvu nyingi, lakini ndizo zinazousukuma utumbo. Zikipungua, utumbo hulegea, gesi hujaa, na sungura anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana nyasi zilizosagwa, au zilizopitishwa kwenye mashine ya kukatia malisho hadi zikawa vipande vya ukubwa wa ukucha, haziwezi kushika nafasi ya nyasi ndefu hata zikiwa zimetoka shamba moja. Urefu wa nyasi ni jambo la kwanza la kuangalia dukani.

Vitabu vya Ulaya na Amerika Kaskazini humwelekeza mfugaji kwenye nyasi za timothy. Hizi ni nyasi za nchi za baridi, zilizopewa jina la Timothy Hanson, mkulima aliyezieneza katika makoloni ya Amerika katika karne ya 18. Ni nzuri kwa sungura, lakini pakiti ndogo iliyosafirishwa kwa meli hadi Nairobi au Dar es Salaam huuzwa ghali kiasi kwamba mfugaji huanza kumpimia mnyama wake kiganja kwa kiganja, na hilo ni baya kuliko kumpa nyasi za kienyeji kwa wingi. Hakuna ulazima wa kununua timothy. Bara la Afrika lina nyasi zinazofanya kazi ile ile, na zilizo mbele ya zote ni nyasi za Rhodes, ambazo wataalamu huziita Chloris gayana.

Asili ya nyasi za Rhodes ni Afrika yenyewe. Jina limetokana na Cecil Rhodes, aliyezipanda katika mashamba yake huko Rasi ya Afrika Kusini mwishoni mwa karne ya 19, lakini mbegu zinazojulikana zaidi Afrika Mashariki, kama Boma, Elmba, Masaba na Mbarara, ni za eneo hili. Shina lake ni jembamba, majani ni mengi na marefu, na zikikaushwa vizuri hubaki na harufu tamu. Zinavumilia chumvi kwenye udongo na maji, ndiyo sababu zimelimwa sana hata katika uwanda wa Batinah nchini Oman, kwa umwagiliaji. Sungura aliyezoea nyasi za Rhodes zilizokatwa kwa wakati hakosi chochote ambacho mwenzake wa Ulaya anakipata kwenye timothy.

Ukoka nao unafaa, na umo karibu katika kila uwanja. Shina lake ni laini na sungura huupenda. Sharti ni ukatwe kwa fyekeo, panga au mundu na kuanikwa ukiwa mrefu. Mabaki ya mashine ya kukatia nyasi za uani hayafai kabisa, kwa sababu yamepondwa na huanza kuchacha ndani ya saa chache. Mabingobingo, ambayo Kenya huitwa nepia, ni malisho mazuri ya ng'ombe, lakini yakikaushwa shina lake hugeuka kuwa kama mti na sungura hula majani tu na kuacha sehemu kubwa. Majani ya mpunga na mabua ya ngano hupatikana kwa bei ndogo baada ya mavuno. Yana nyuzi nyingi, lakini lishe yake ni hafifu, hivyo mahali pake ni sakafuni, kuwa matandiko. Sungura akiyang'ata kidogo hayamdhuru. Mabua ya mahindi hayana hata kazi hiyo.

Hata hivyo, jina la nyasi si jambo kubwa kuliko siku zilipokatwa, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa. Nyasi za Rhodes zikikatwa kabla ya kuchanua huwa na majani matupu yenye protini inayoweza kuzidi asilimia 12. Ng'ombe wa maziwa hunufaika nazo sana, ila sungura mzima aliyetulia ndani hunenepa. Zikiachwa hadi mbegu zikomae na kupukutika, protini hushuka chini ya asilimia 7, majani hukauka kutoka chini kwenda juu, na kinachobaki ni vijiti vya rangi ya manjano. Kati ya hatua hizo mbili upo muda mfupi, masuke yanapoanza kutokeza na machache tu yamechanua. Nyasi za wakati huo zina shina la kutosha kuchakaza magego na jani la kutosha kumshawishi sungura aendelee kutafuna. Hizo ndizo za kutafutwa.

Mnunuzi anaweza kuitambua hatua hiyo bila maabara. Avute konzi moja kutoka katikati ya robota na kutazama masuke. Yakiwa yamefunga, au yamefunguka kidogo bila kupukutisha kitu kiganjani, nyasi zilikatwa kwa wakati. Yakiwa matupu na mepesi, robota hilo huenda limetoka kwa mkulima aliyevuna mbegu kwanza na kufunga mabaki baadaye. Mkulima huyo hana kosa, kwa kuwa mbegu za Rhodes zina soko lake, lakini mabaki hayo yasiuzwe kwa bei ya hei ya daraja la kwanza.

Baada ya masuke huja rangi na harufu. Nyasi zilizokaushwa siku mbili au tatu za jua, zikigeuzwageuzwa, hubaki na kijani kilichofifia. Upande wa nje wa robota ukiwa wa manjano si tatizo. Huo ni mwanga wa jua uliokaa juu yake. Kahawia iliyokolea au weusi ndani ya robota huonyesha kwamba zilifungwa zikiwa na unyevu na zikapata joto. Hei inafaa ifungwe unyevu ukiwa umeshuka hadi asilimia 15 hivi. Ukizidi 20, ukungu ni suala la muda tu. Mkono ukiingizwa hadi katikati ya robota na kukuta joto au ubaridi wa maji, robota hilo liachwe dukani. Liachwe pia linalotoa vumbi jeupe au la kijivu likipigwa, au linalonuka kama chumba kilichofungwa kwa muda mrefu. Sungura hupumua kwa pua tu, na vumbi la ukungu humwanzishia chafya na makamasi yanayochukua wiki nyingi kupona. Mbaya zaidi ni sumukuvu, kwani sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa upesi sana na aflatoksini.

Uchunguzi wa mwisho ni wa vitu visivyo nyasi. Gugu karoti limeenea katika mashamba mengi ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na hukatwa pamoja na malisho pasipo mtu kujua. Zipo nyasi za porini zenye mbegu zilizochongoka, ambazo huingia kwenye ufizi na machoni. Vipande vya kamba ya plastiki iliyofungia robota viondolewe vyote kabla ya kulisha, maana sungura humeza anachokitafuna. Hana uwezo wa kutapika.

Lusini, au alfalfa, inahitaji maelezo yake yenyewe kwa sababu husifiwa kupita kiasi. Si nyasi bali ni jamii ya kunde. Protini yake hufika asilimia 15 hadi 20, na kalisiamu yake ni mara mbili, tatu au zaidi ya ile ya nyasi. Mwili wa sungura hufyonza kalisiamu karibu yote iliyomo katika chakula, kisha ziada hutolewa na figo. Ndiyo maana mkojo wake huonekana mzito na mweupe kama maji ya chokaa. Sungura mzima anayelishwa lusini kila siku anaweza kupata mchanga au mawe kwenye kibofu, na kunenepa hadi akashindwa kujisafisha. Lakini mtoto aliyeachishwa kunyonya, hadi umri wa miezi 6 hivi, anaihitaji kwa ajili ya mifupa na misuli, na kadhalika jike mwenye mimba au anayenyonyesha. Kwa hao lusini ichanganywe na nyasi tangu mwanzo ili nyasi zisiwe ngeni baadaye. Lukina si lusini, bali ni mti, na majani yake makavu huuzwa pia kuwa malisho yenye protini nyingi. Una mimosini, sumu inayomnyonyoa sungura manyoya, na haufai kuwa chakula chake cha kila siku.

Msimu una sauti kubwa katika bei na ubora. Nyasi zilizokua kwa mvua za masika hukatwa kuanzia Mei na Juni, mvua zinapokatika, na hapo marobota huwa mengi. Zile zinazovunwa vuli inapoendelea, Novemba au Desemba, ndizo zinazonyeshewa zikiwa zimelala shambani, na huhitaji kukaguliwa kwa makini mara mbili. Mwenye nafasi anunue mwanzoni mwa kiangazi. Hesabu si ngumu. Sungura wa kilo 2 hula gramu 80 hadi 100 za hei kwa siku na hutupa chini nyingine, hivyo robota la kilo 15 humtosha miezi mitatu au minne.

Kuzihifadhi muda wote huo Nakuru au Arusha si kazi. Pwani ni habari nyingine. Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam unyevu wa hewa hurudi ndani ya nyasi zilizokwisha kauka, kwa hiyo ni afadhali kununua kidogo kidogo. Robota likae juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali penye upepo na kivuli. Gunia la katani au boksi lenye matundu hufaa. Mfuko wa plastiki uliofungwa huotesha ukungu. Panya wasifikie akiba hiyo, kwa kuwa mkojo wao hubeba magonjwa.

Nyasi ziwepo mbele ya sungura usiku na mchana bila kipimo, katika hori lililoinuliwa kidogo ili zisikojolewe. Sungura hupenda kula akiwa anajisaidia, hivyo hori likae jirani na mahali alipopachagua kuwa choo chake. Maji nayo yasikauke, maana anayekula vikavu hunywa sana. Robota jipya likitoka shamba jingine, lichanganywe na la zamani kwa siku 7 hadi 10, hata kama nyasi ni za aina moja, kwa sababu bakteria wa sekamu huhitaji muda kuzoea.

Jibu la kama uchaguzi ulikuwa sahihi huonekana kwenye sakafu ya banda. Punje za kinyesi zikiwa kubwa, za mviringo, za rangi ya kahawia hafifu, na zikivunjika kuonyesha nyuzi ndani, nyasi zinafanya kazi yake. Zikiwa ndogo, nyeusi na ngumu, au zimeungana kwa manyoya kama shanga, sungura hapati nyuzi za kutosha, na kinachofaa kupunguzwa kwanza ni vidonge. Kinyesi laini kikizagaa sakafuni bila kuliwa, mara nyingi chakula kina wanga au protini kupita kiasi. Na sungura asiyegusa nyasi wala kutoa kinyesi kwa saa 12 apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.