Mizani Inapogoma Kushuka

Wengi wetu tumezoea kuitilia shaka mizani. Mchuma chai huitazama mizani ya karani kwa jicho kali, na ana haki, kwa kuwa mshahara wake umo humo. Lakini iko mizani nyingine, ile ya zahanati, ambayo nayo inawahusu wafanyakazi wengi wa viwandani na mashambani. Mtu hupimwa, huambiwa kuwa shinikizo la damu liko juu au sukari imepanda, na kwamba uzito wake umezidi. Apunguze. Kwa dereva wa trekta au fundi apandaye juu ya paa, cheti cha daktari si mchezo. Ndicho kibarua chenyewe.

Basi mtu huanza. Hupunguza ugali, huacha soda, na katika miezi ya kwanza kilo hushuka vizuri. Kisha mizani husimama. Wiki ya pili pale pale, wiki ya nne pale pale. Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili, na yote ni mabaya. Ama hukata tamaa na kurudia sahani ya zamani, ama hukasirika na kuacha kabisa kula mchana. Huyu wa pili ndiye anayetutia hofu zaidi, kwa sababu saa nane mchana yuko mbele ya msumeno au mashine ya kuchambua katani, na kizunguzungu kimemshika.

Yafaa kwanza tujue kwa nini mizani husimama. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula. Mwili huunguza nguvu hiyo mchana na usiku, hata mtu akiwa amelala. Chakula kikiwa pungufu ya mahitaji, mwili huchota akiba yake ya mafuta, na uzito hupungua. Kinachosahauliwa ni kwamba lori lisilo na mzigo hunywa dizeli kidogo kuliko lori lililojaa.

Tuseme mfanyakazi mmoja ana kilo 96, na kwa kazi yake anahitaji kalori 2,900 kwa siku ili uzito usipande wala kushuka. Anapunguza 500, anakula 2,400. Baada ya muda anafika kilo 86. Mwaka 2016 watafiti, akiwemo Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walitoa makadirio kwamba kwa kila kilo inayopotea, matumizi ya mwili hupungua kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku. Kilo 10 basi ni kalori 200 hadi 300. Karibu nusu ya lile punguzo lake imekwisha kumezwa, naye bado anakula kwa hesabu ya mtu wa kilo 96 ambaye hayupo tena.

Nusu ya pili humezwa na njaa. Watafiti hao hao walikuta kwamba kwa kila kilo inayopotea, hamu ya kula huongezeka kwa kiasi cha kalori 100 kwa siku, yaani zaidi ya mara tatu ya ule upungufu wa matumizi. Kwa hiyo ndugu anayejiona mlegevu asijilaumu mno. Mwili wenyewe unamsukuma aongeze kidogo hapa na pale, kijiko cha mafuta, konzi ya karanga, bila yeye kutambua.

Iko hesabu ya zamani, iliyoenezwa na daktari Max Wishnofsky wa Marekani mwaka 1958, isemayo kwamba ukipunguza kalori 500 kila siku utapoteza karibu nusu kilo kila wiki. Kwa wiki chache za mwanzo si mbaya. Lakini ukiifuata hadi mwisho, mtu wetu wa kilo 96 angekuwa ametoweka duniani baada ya miaka minne hivi.

Wengine husema mwili ukinyimwa chakula hufunga milango na kukataa kupungua. Sivyo. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys na wenzake waliwapa vijana 36 waliojitolea karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini walipoteza nyama ya misuli pia, walikosa nguvu, walisikia baridi wakati wote, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Mtu wa ofisini huenda akavumilia hali hiyo kwa siku kadhaa. Mkata miwa hawezi.

Basi afanyeje? Kwanza ahakikishe kwamba uzito umesimama kweli. Apimwe kwa mizani ile ile, siku ile ile ya juma, asubuhi kabla ya kula. Maji, chumvi, na kwa akina mama siku za mwezi, huweza kuficha kilo moja au mbili. Zikipita wiki nne bila mabadiliko, aandike kwa siku saba kila kinachoingia kinywani, pamoja na kile anachoonja jikoni. Hapa ndipo siri nyingi hufichuka. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Chupa ya bia ya nusu lita ina kalori 200 hivi. Kijiko kidogo cha sukari kina 16 tu, lakini anayetia vijiko vinne katika kila kikombe na kunywa vikombe vinne kwa siku amekwisha kula zaidi ya 250.

Kisha apunguze 200 au 300, asizidishe, na aanzie kwenye sukari, mafuta na pombe. Maharage, dagaa, mayai na mboga za majani viachwe, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyolinda misuli na kushibisha. Asubiri wiki nne nyingine ndipo apime upya. Na kwa maoni yetu, msimu wa kazi nzito si wakati wa kupunguza chochote. Heri asubiri kazi ipungue. Aidha, aliyepunguza kilo 10 kati ya 96 amekwisha kuisaidia sana damu yake, na akibaki hapo bila kupanda, hajashindwa.

Wako wasiopaswa kujaribu haya peke yao. Anayetumia dawa za kisukari, hasa sindano za insulini, akipunguza chakula bila dozi kurekebishwa, sukari yaweza kushuka ghafla akaanguka kazini. Vivyo hivyo wenye dawa za shinikizo la damu, waja wazito na wanaonyonyesha. Hao waanze kwa daktari.

Limebaki jambo ambalo mfanyakazi mmoja mmoja hawezi kulitimiza. Katika kantini nyingi chai huletwa ikiwa imekwisha tiwa sukari katika sufuria, na mboga imekwisha kuelea mafuta. Mtu aliyeshauriwa na daktari hana la kuchagua ila kunywa au kushinda na kiu. Wawakilishi wa matawi walipeleke jambo hili katika kikao kijacho na uongozi: chai ije bila sukari, bakuli la sukari liwekwe mezani, na kila mtu ajitilie apendavyo. Haimgharimu mwajiri hata senti moja.