Kiharusi si Kupooza

Afasiriye tangazo la afya kwa vijiji vya Kyela, toka Ipinda hadi Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hushawishika kuandika "kupooza" mahali pa "kiharusi". Hatuafiki. Kupooza ni matokeo tu, na huletwa pia na maradhi mengine, kama polio. Kiharusi ni kuziba au kupasuka kwa mshipa wa damu ubongoni. Asomaye "kupooza" husubiri kiungo kife, ilhali mdomo kwenda upande ghafla ni dalili tosha. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, baada ya picha ya ubongo. Na Mbeya ni mbali. "Presha" tungeiacha: mkulima wa mpunga huielewa kuliko "shinikizo la damu". Lakini kwa kuwa mtaani humaanisha pia wasiwasi, iandikwe "presha ya kupanda".