Grese katika magurudumu ya remorke ya mashua

Siku ya mapumziko unafunga mashua juu ya remorke, unaenda kuvua samaki katika ziwa Nzilo, karibu na Kolwezi. Nyavu umeangalia, mafuta ya motere umeangalia. Na rulema za magurudumu? Ni vile vyuma vya mviringo ndani ya kitovu cha gurudumu. Zikikosa grese, zinaungua.

Remorke ya mashua inateseka kuliko remorke ya kubeba makala. Sikiliza sababu. Njiani kitovu kinapata moto. Unapofika, unakitumbukiza mara moja katika maji baridi. Hewa ya ndani inapoa, inajikunja, inavuta maji kupitia mpira wa kuzibia. Maji yanachanganyika na grese, inageuka nyeupe kama maziwa. Kutu inaanza kimya kimya, remorke ikiwa imelala nyumbani. Halafu siku moja barabarani gurudumu linakwama, ao linachomoka. Na kando ya barabara wanapita mama wenye mabeseni, na watoto wanaotoka shule.

Kwa hiyo, mbele ya kuingia majini, ngojea. Karibisha mkono polepole kwenye kila kitovu. Kikiwa na moto, kipoe kwanza. Kama kimoja tu kina moto kuliko vingine, usirudi nyumbani bila kukifungua.

Walau mara 1 kwa mwaka, fungua vyote. Usitegemee kriki peke yake: tia vigogo vya nguvu chini ya ekseli, na mawe kwa gurudumu la upande mwingine. Osha rulema kwa mafuta ya taa, si esanse, mbali na mbabula. Kausha kwa kitambaa safi. Usizizungushe kwa hewa ya kompresere! Vijana wengi wanapenda mlio ule, lakini rulema inaweza kupasuka, vyuma vikaruka machoni. Ukiona vishimo, kutu ao rangi ya bluu, tupa, nunua mpya.

Grese iwe ile isiyoondolewa na maji. Usichanganye aina 2. Isukume kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Tia mpira mpya wa kuzibia. Kaza ekru huku ukizungusha gurudumu, ilegeze, ikaze tena kwa vidole tu, kisha tia pini mpya. Baada ya kilometa 10 simama, pima moto wa vitovu tena.

Mikono yenye grese uinawe kwa sabuni, si kwa esanse, mbele ya kugusa bukari ao mtoto.