Benzeni: Bei ya Sehemu Moja katika Milioni

Chukulia chumba cha mita tatu kwa tatu, dari mita tatu, madirisha yamefungwa. Vijiko viwili vya chai vya petroli vikimwagika humo na kukauka, hewa ya chumba hicho itakuwa na takriban sehemu moja ya benzeni katika kila sehemu milioni za hewa. Hesabu hiyo ni ya petroli yenye benzeni asilimia moja, kiwango cha juu kinachoruhusiwa Ulaya. Kuhusu kiasi hicho kidogo, Marekani ilivutana kwa takriban miaka kumi.

Benzeni, kemikali iliyomo kwenye petroli, huingia mwilini kwa pumzi. Ini likiivunjavunja, mabaki yake hushambulia uboho, mahali damu inapotengenezwa, na miaka kadhaa baadaye baadhi ya watu hupata lukemia, yaani saratani ya damu. Daktari Muzaffer Aksoy aliliona hilo kwa mafundi viatu wa Istanbul, waliokuwa wakifanya kazi na gundi yenye benzeni katika vyumba visivyopitisha hewa. Kati ya mafundi 28,500, alihesabu wagonjwa 26 kuanzia 1967 hadi 1973: takriban 13 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, wakati kwa watu wa kawaida alikadiria 6. Huko Ohio, Marekani, wanaume 1,165 waliofanya kazi kwenye viwanda vya mpira walifuatiliwa kwa miaka mingi. Vifo vya lukemia vilivyotarajiwa ni 2.7, vilivyotokea ni 9.

Mwaka 1978 idara ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, ikashusha kiwango cha benzeni kinachoruhusiwa hewani kutoka sehemu 10 katika milioni hadi 1. Wenye viwanda wakaenda mahakamani, na mwaka 1980 Mahakama ya Juu ikaifuta kanuni hiyo kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikisema OSHA haikuthibitisha kwamba sehemu 10 zina hatari kubwa. Suala la gharama majaji hawakuliamua, ila takwimu zake waliziandika, na zinafaa kusomwa polepole.

Mitambo ya kudhibiti mvuke ingegharimu dola milioni 266. Vipimo, mafunzo na barakoa za mwaka wa kwanza zingefikia hadi milioni 205. Waliotarajiwa kunufaika ni wafanyakazi 35,000. Katika viwanda vya kusafisha mafuta vinavyozalisha benzeni, kumkinga mtu mmoja kungegharimu dola 82,000. Bei hiyo inashtua, na bila shaka iliwapa wenye viwanda hoja nzuri. Lakini huko walikuwa watu 300 tu. Kwenye viwanda vya mpira walikuwa 24,450, yaani saba katika kila kumi, na kila mmoja angekingwa kwa dola 1,390. Tena ndiyo sekta ile ile iliyokwisha kuua watu Ohio. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uamuzi ulipoumiza zaidi: walio wengi na wa bei nafuu walisubiri foleni moja na wachache wa bei ghali.

Walisubiri hadi 1987, OSHA iliporudisha kiwango cha 1. Safari hii ilikuja na hesabu: wafanyakazi 1,000 wakivuta sehemu 10 kwa miaka 45 ya kazi, 95 zaidi wangekufa kwa lukemia; kwa sehemu 1, wangekufa 10. Watafiti Nicholson na Landrigan walikadiria kwamba kuchelewa huko, tangu 1978, kungeishia kuua watu kati ya 30 na 490. Upana wa makadirio hayo ni mkubwa, lakini hata ncha ya chini si sifuri.

Kumi kwa elfu si usalama pia. Umoja wa Ulaya umeamua kushuka hadi sehemu 0.2 kuanzia Aprili 2026. Marekani imebaki kwenye 1.

Kwetu, mvuke huu haumo viwandani tu. Umo kwenye kikopo cha petroli cha fundi gereji anayesuuza plagi na kabureta. Nusu lita ya petroli ile ile ingetosha kufikisha vyumba hamsini kama kile cha mwanzo kwenye sehemu 1. Uwanjani upepo hupunguza, lakini fundi ameinamia kikopo, viganja vimelowa, na kesho atarudia. Mwenye gereji, nunua sabuni ya kuondoa grisi na glavu. Nawe fundi, usinawe kwa petroli, wala usiinyonye kwa mpira unapoihamisha kutoka kwenye tangi.