Boma la Miti na Boma la Mawe: Ushahidi wa Ngome za Mrima

Neno boma lina maana mbili zinazotofautiana sana katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni uzio wa miti, miiba au udongo unaozunguka makazi, mifugo au askari. Maana ya pili ni jumba la mawe la serikali, ambamo mtawala huketi. Katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, maana hizo zilikabiliana kwa silaha kati ya mwaka 1888 na 1890, na mapambano hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini ngome za wenyeji ni vigumu kuonekana leo.

Ngome ya mawe haisahauliki kwa urahisi. Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilihusuriwa kuanzia Machi 1696 hadi ilipoangukia mikononi mwa Waomani mnamo Desemba 1698. Kuta zake zingali zimesimama. Hata neno gereza, lililotokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, ni kumbukumbu ya ngome za namna hiyo. Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, mawe yaliyosalia ni ya msikiti na makaburi, mengine yakiwa na minara. Mtazamaji anayehesabu mawe peke yake angeweza kudhani kwamba watu wa Mrima walijenga kwa ajili ya ibada na wafu wao tu, wala hawakujua kujikinga. Dhana hiyo si sahihi.

Mnamo Aprili 1888, Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba ulioikabidhi kampuni ya Kijerumani usimamizi wa pwani. Kampuni ilipoanza kazi mwezi Agosti, upinzani ulizuka Pangani na kuenea katika miji mingine. Bushiri bin Salim, aliyekuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, alijenga boma la miti karibu na Bagamoyo. Tarehe 8 Mei 1889 Hermann Wissmann alilishambulia kwa mizinga na askari wa kukodiwa, akaliteka. Bushiri mwenyewe aliponyoka. Alikamatwa baadaye, akanyongwa Pangani mnamo Desemba mwaka huohuo.

Saadani, Bwana Heri bin Juma alipambana kwa njia nyingine. Mji wake uliposhambuliwa kutoka baharini mnamo Juni 1889, ilidhihirika kwamba ufuko haukuwa mahali pa kujihami. Boma lake la Mlembule lilikuwa bara, mbali na mizinga ya manowari. Shambulio la Wajerumani la mwishoni mwa Desemba 1889 lilirudishwa nyuma. Boma hilo lilitekwa mwanzoni mwa Januari 1890, baada ya Wissmann kuja na nguvu kubwa zaidi.

Ubora wa boma la aina hiyo ulikuwa katika vifaa vyake. Magogo yaliyosimikwa karibukaribu na kukingwa kwa udongo yaliweza kuzuia risasi za bunduki, na walinzi walipiga kupitia matundu yaliyoachwa kati yake. Miti ilipatikana papo hapo, na boma lililopotea liliweza kujengwa upya kwingine. Udhaifu wake ulikuwa mbele ya kombora, ambalo lilipasua magogo kutoka mbali.

Sifa hizohizo ndizo zinazomtatiza mwanaakiolojia. Gogo huliwa na mchwa au huoza, lakini shimo lililosimikiwa nguzo hujaa udongo wa rangi na ulaini tofauti, na likichimbuliwa taratibu huonekana kama doa la mviringo. Madoa yakifuatana kwa mstari, uzio hujitokeza. Handaki lililofukiwa hutambulika vivyo hivyo, na risasi au vipande vya makombora huonyesha upande uliotoka shambulio. Jembe la trekta au msingi wa nyumba unaweza kufuta ushahidi huo kwa siku moja.

Kwa sababu hiyo lugha nayo ni hazina. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, umehifadhi vita hivyo kwa Kiswahili cha watu walioviishi, ilhali ripoti za washindi ziliandikwa kwa macho ya waliokuwa nje ya boma. Majina ya mahame na masimulizi ya wazee yanaweza kumwonyesha mchimbuzi mahali pa kuanzia.

Baada ya ushindi, Wajerumani walijenga majumba yao ya utawala, kama lile la Bagamoyo la mwaka 1897, na watu wakayaita boma. Jina la kinga ya wenyeji likahamia kwenye makao ya aliyewashinda. Jengo la mawe lilipata kuhifadhiwa kama urithi, na boma la miti likabaki bila alama juu ya ardhi. Mtafiti wa Mrima anayetaka kuzieleza pande zote mbili za vita hana budi kulitafuta boma hilo la kwanza katika udongo, katika tenzi na katika majina ya mahali, kabla jembe halijalifikia.